Chai, Kahawa na Uimara wa Mifupa

Katika miji ya Tarime na Mugumu, na katika masoko kama Sirari na Nyamongo, siku huanza kwa chai. Mama lishe huinjika sufuria kabla ya mapambazuko, dereva wa bodaboda hunywa kikombe cha kwanza akisubiri abiria, na nyumbani mgeni huulizwa mapema kama atatumia chai ya maziwa au ya rangi. Kahawa nayo ina heshima yake, kwa kuwa nyanda za juu za Tarime ni miongoni mwa maeneo ya nchi yanayolima arabika, na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) ina kituo chake kidogo huko Sirari. Hata hivyo, kama ilivyo katika wilaya nyingi zinazolima zao hilo, kahawa huuzwa na mkulima hubaki na majani ya chai ya dukani.

Vinywaji vinavyotumiwa kila siku kwa miaka arobaini au hamsini haviwezi kukosa kuzushiwa mambo. Mzee akianza kulalamikia kiuno, huambiwa kwamba chai imemla mifupa. Mama mjamzito huonywa kwamba kahawa itamlegeza mtoto tumboni. Wengine hushikilia kinyume chake, kwamba chai huongeza nguvu na hakuna ubaya wowote ndani yake. Ukweli uliokwisha kuchunguzwa hauko upande wowote kati ya hizo mbili. Kwa mtu mzima mwenye afya, anayekula vizuri na kunywa vikombe vichache kwa siku, chai na kahawa hazijaonekana kuleta madhara makubwa kwenye mifupa. Mambo hubadilika pale ambapo chakula kina madini haba ya kalsiamu, vikombe ni vingi mno, au maji yanayochemshiwa chai yana kiwango kikubwa cha floraidi. Hali hizo tatu zinaweza kukutana katika kaya moja, na kwa hiyo zinastahili kuelezwa moja baada ya nyingine.

Mfupa hautulii

Wengi huufikiria mfupa kama nguzo ya mti mkavu: ukishasimikwa, umesimama hadi utakapoliwa na mchwa. Sivyo ulivyo. Mfupa ni kiungo kilicho hai, chenye damu na chembe hai za aina mbili zinazofanya kazi usiku na mchana. Chembe za aina ya kwanza humomonyoa sehemu zilizochakaa, na za aina ya pili hujenga upya mahali hapo kwa kutumia protini na madini, hasa kalsiamu na fosforasi. Utotoni na ujanani wajenzi huwashinda wabomoaji. Hazina ya mfupa hufikia kilele chake mtu anapokaribia umri wa miaka 30, kisha hukaa sawa kwa muda, na baadaye huanza kupungua polepole. Kwa wanawake upungufu huo huenda kasi zaidi katika miaka ya kwanza baada ya kukoma hedhi, kwa sababu homoni iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji huwa imepungua.

Upungufu ukizidi, mfupa hubaki na umbo lake kwa nje lakini ndani hujaa mianya. Ugonjwa huo huitwa osteoporosisi, na jambo baya zaidi juu yake ni kwamba hauumi. Mtu hujua kwamba anao siku anapojikwaa kwenye kizingiti na kuvunjika nyonga, au anapogundua kwamba mgongo umepinda na kimo kimepungua. Maumivu ya magoti na viungo, ambayo ndiyo watu wengi hulaumu chai kwayo, kwa kawaida hutokana na kusagika kwa gegedu za maungio, na hayo ni maradhi mengine kabisa.

Kalsiamu haikai ndani ya mifupa peke yake. Kiasi kidogo huzunguka katika damu, na moyo, misuli na neva haviwezi kufanya kazi bila kiasi hicho. Damu inapopungukiwa, mwili haungojei mlo ujao. Huchota kutoka katika mifupa. Mwili ambao kila siku hupata kalsiamu ndogo kuliko unayopoteza hujilipia deni hilo kwa mfupa wake wenyewe.

Kafeini huchukua kiasi gani?

Chai na kahawa zina kafeini, dawa ya asili inayoondoa usingizi. Kikombe cha kahawa huwa na takribani miligramu 80 hadi 100, na cha chai karibu nusu ya hapo, ingawa hutegemea ukali wake. Arabika inayolimwa Tarime ina kafeini ndogo kuliko robusta, ambayo ndiyo zao kuu la Kagera na ambayo huwa na karibu maradufu.

Kafeini hupunguza kidogo uwezo wa utumbo kufyonza kalsiamu, na kwa saa chache huongeza kiasi kinachotoka kwa njia ya mkojo. Vipimo vilivyofanywa kwa watu wa kujitolea vimeonyesha kwamba hasara yote kwa kikombe kimoja cha kahawa ni takribani miligramu 5 za kalsiamu. Kijiko kikubwa kimoja cha maziwa, yaani mililita 15, kina kama miligramu 18 za kalsiamu, na mwili hufyonza karibu theluthi yake. Maana yake ni kwamba kijiko kimoja au viwili vya maziwa vinatosha kufidia kikombe kizima. Chai ya maziwa inayopikwa nusu kwa nusu, kama ilivyo desturi katika boma lenye ng'ombe, inamwachia mnywaji faida: kikombe cha mililita 250 humpa takribani miligramu 150 za kalsiamu, ilhali kafeini iliyomo ndani yake humnyang'anya miligramu chache tu.

Chai ya rangi haina faida hiyo. Mtu anayekunywa vikombe sita vya chai ya rangi kwa siku hapotezi kiasi cha kutisha kwa siku moja. Lakini kama chakula chake chote humpa miligramu 300 tu za kalsiamu, wakati Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hutaja miligramu 1,000 kwa mtu mzima, basi hata upungufu mdogo unaongezwa juu ya upungufu uliopo.

Watafiti walivyobishana

Hofu juu ya kafeini haikuzuka hewani. Mwaka 1990 watafiti wa mji wa Framingham, Marekani, waliripoti kwamba watu waliokunywa zaidi ya vikombe viwili vya kahawa kwa siku, au vikombe vinne vya chai, walivunjika nyonga karibu mara moja na nusu ya wale waliokunywa kidogo. Habari hiyo ilienea sana. Miaka minne baadaye, huko California, wanawake 980 waliokwisha kukoma hedhi walichunguzwa mifupa yao na kuulizwa juu ya kahawa waliyokunywa maishani. Waliozoea vikombe viwili kwa siku walikuwa na mifupa myepesi zaidi, lakini hilo halikuonekana kwa wale waliokunywa angalau glasi moja ya maziwa kila siku kwa sehemu kubwa ya utu uzima wao. Utafiti huo una uzito wa pekee kwa jamii za wafugaji, kwa kuwa uliitoa lawama kwenye kikombe cha kahawa na kuipeleka kwenye kibuyu kilichokauka.

Utafiti mkubwa zaidi ulitoka Sweden mwaka 2013. Wanawake zaidi ya 61,000 walifuatiliwa kwa miaka mingi, baadhi yao hadi miaka 20. Waliokunywa vikombe vinne au zaidi vya kahawa kwa siku walikuwa na uzito wa mfupa pungufu kwa asilimia 2 hadi 4, lakini hawakuvunjika mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Kwa upande wa chai, uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2000, uliohusu wanawake zaidi ya 1,200 wenye umri wa miaka 65 hadi 76, uliwakuta wanywaji wa chai wakiwa na mifupa mizito kidogo kuliko wasiokunywa. Wapo wanaodhani kwamba viambata vingine vya majani ya chai huulinda mfupa.

Ni vyema kukumbuka kwamba tafiti hizo zilifanywa kwa wanawake wa Ulaya na Marekani, wanaokula jibini na mtindi na wanaokunywa maji ya bomba yaliyopimwa. Haifai kuzichukua kama zilivyo na kuzivisha Tarime au Serengeti. Hali ya mlo na ya maji ndiyo inayoamua.

Maziwa yamekwenda wapi?

Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na jamii nyingine za wilaya hizi mbili ni wakulima na wafugaji kwa asili. Ugali wa ulezi au mtama, maziwa freshi au ya mgando, mboga za majani na nyama ya siku za sherehe vilikuwa mlo ambao mtaalamu wa lishe wa leo hangekuwa na mengi ya kuukosoa kwa upande wa mifupa. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu. Sembe, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa, haifiki hata miligramu 20. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko madhara yoyote yanayoweza kuhesabiwa dhidi ya chai, na bado hutasikia jirani akimwambia mzee kwamba sembe imemla mifupa.

Mahindi yamechukua mashamba kwa sababu zinazoeleweka: ndege hawayaharibu kama wanavyouharibu ulezi, kuyapalilia ni rahisi na soko lake liko karibu. Maziwa nayo yamegeuka kuwa fedha. Familia yenye ng'ombe mmoja wa maziwa karibu na mji huweza kuuza yote asubuhi kwa mchuuzi wa baiskeli ili kupata ada, mafuta ya taa na dawa ya mifugo, kisha watoto wakanywa chai ya rangi iliyokolezwa sukari. Wakati wa kiangazi malisho hukauka na ng'ombe hupunguza maziwa hata katika boma lisilouza. Kwa hiyo chai ya maziwa ya masika huwa chai ya rangi ya kiangazi, na hakuna anayeliona hilo kama badiliko la mlo, kwa sababu kikombe ni kilekile na saa ni ileile.

Kwa mtu mzima jambo hilo lina uzito. Kwa mtoto uzito wake ni mara nyingi zaidi. Mfupa unaojengwa kati ya utotoni na umri wa miaka 20 ndio akiba atakayoitumia mtu hadi uzeeni. Mtoto anayekwenda shule akiwa amekunywa chai ya rangi kwa andazi amepata nguvu ya kumfikisha darasani, lakini hakupata kitu cha kujengea. Uji wa ulezi wenye maziwa, au hata uji wa ulezi mtupu, humpa zaidi. Walio chini ya umri wa miaka miwili hawapaswi kupewa chai kabisa. Tanini iliyo katika chai hushikana na madini ya chuma yatokayo katika maharage, mboga na nafaka na kuyazuia yasiingie mwilini, na upungufu wa damu kwa watoto na kwa wajawazito ni tatizo kubwa kuliko hilo la mifupa. Wajawazito wanashauriwa wasizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, yaani vikombe viwili vya kahawa au vinne vya chai ya kawaida, na wasinywe chai pamoja na vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa kliniki. Kuacha saa moja kati ya mlo au vidonge na chai kunatosha.

Familia isiyo na ng'ombe haijafungiwa mlango. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao husafirishwa kutoka mialo ya Musoma na Rorya hadi minada ya ndani, huliwa pamoja na mifupa yao, na gramu 100 za dagaa wakavu zina zaidi ya miligramu 1,000 za kalsiamu. Kiganja kimoja cha dagaa kwenye mboga ya jioni hufidia vikombe vyote vya chai vya siku hiyo na kubakiza. Mgagani, majani ya kunde na majani ya muhogo yaliyopikwa vizuri nayo yana kalsiamu nzuri. Mchicha unayo pia, lakini una asidi inayoishikilia kalsiamu yake, hivyo mwili hupata kidogo kuliko kinachoonekana katika majedwali. Ufuta ni mzuri ukipatikana.

Ikumbukwe pia kwamba mlo wenye kalsiamu ndogo haumvunji kila mtu mifupa. Vijijini Gambia, ambako wanawake wamechunguzwa kwa miongo kadhaa, watu hupata miligramu 300 hadi 400 tu kwa siku, na bado kuvunjika nyonga uzeeni si jambo la kawaida kama lilivyo Ulaya. Kulima kwa jembe, kutwanga, kubeba kuni na ndoo ya maji kichwani huuambia mfupa kwamba unahitajika, nao hujiimarisha. Jua nalo lina sehemu yake. Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili walipopimwa, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2012, walikutwa na wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, wakati 50 huhesabiwa kuwa zinatosha kwa wengi. Vitamini hiyo ndiyo inayoifungulia kalsiamu mlango wa utumbo. Mwenye duka anayeketi kivulini kuanzia asubuhi hadi usiku, na mzee asiyetoka tena ndani, hawana kinga hizo mbili hata kama ni watoto wa wakulima.

Floraidi, jambo linalostahili hofu zaidi

Karibu na Arusha kuna mji mdogo uitwao Maji ya Chai, uliopata jina kutokana na mto wenye maji ya rangi ya chai. Maji ya maeneo hayo, yanayotoka katika miamba ya volkano ya Mlima Meru, yana floraidi nyingi, na madhara yake yameonekana kwa vizazi: meno yenye madoa ya kahawia, na kwa baadhi ya watoto miguu iliyopinda. Mkoa wa Mara hauko katika hali ya Arusha, lakini nao hutajwa pamoja na Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga miongoni mwa mikoa ambayo baadhi ya vyanzo vya maji vyake vina floraidi kupita kiasi.

Kinachofanya jambo hili lihusike na chai ni tabia ya mmea wenyewe. Mchai hufyonza floraidi kutoka ardhini na kuilimbikiza katika majani, na jani likizeeka hubeba zaidi. Chai nzuri huchumwa machipukizi machanga. Chai ya bei ya chini zaidi huweza kuwa na majani makavu yaliyokomaa. Chai ya kawaida iliyopikwa huongeza miligramu 1 hadi 4 za floraidi kwa kila lita, juu ya ile iliyokuwamo katika maji. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa Tanzania kwa sasa ni miligramu 1.5 kwa lita, sawa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Zamani nchi iliruhusu hadi 4. Shirika hilo limeeleza kwamba dalili za hatari kwa mifupa huanza kuonekana mtu anapoingiza jumla ya zaidi ya miligramu 6 kwa siku, na kwamba kwenye miligramu 14 madhara hayana shaka.

Hesabu yake ni fupi. Mtu anayetumia kisima chenye miligramu 3 kwa lita, akanywa lita mbili za chai kali kwa siku, anaweza kupita miligramu 10 kabla hajala chochote. Akipikiwa maharage au kande kwa magadi, anaongezewa tena, kwa kuwa magadi yanayochotwa kandokando ya maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa huwa na floraidi nyingi. Mifupa iliyojaa floraidi haiwi miepesi. Huwa mizito na migumu kupita kiasi, mishipa inayoishikilia hukakamaa, mgongo hugoma kuinama, na bado mfupa huo huvunjika kwa urahisi. Mwaka 2013 madaktari wa Marekani walimweleza mama mwenye umri wa miaka 47 ambaye kwa miaka 17 alikunywa kila siku jagi la chai iliyotengenezwa kwa vipakti 100 hadi 150, na ambaye uti wake wa mgongo ulikuwa umepatwa na hali hiyo. Hakuna mtu wa kawaida anayekunywa chai kiasi hicho. Lakini yeye alihitaji vipakti mia kufika pale ambapo chai ya kawaida na kisima kibaya vinaweza kumsogeza mtu bila yeye kujua.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanayochemka kwa muda mrefu hupungua, na floraidi hubaki ikiwa imekolea zaidi. Sufuria ya chai inayokaa mekoni tangu asubuhi na kuongezwa majani kila inapopungua ndiyo mbaya kuliko zote. Vichujio vya kitambaa na dawa za klorini navyo havisaidii, ingawa vina kazi yake muhimu dhidi ya vimelea. Huko Ngurdoto, Arusha, kituo cha Wizara ya Maji kimekuwa kikiondoa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa hiyo mfupa wa mnyama hubeba mzigo ambao ungebebwa na wa binadamu.

Kwa kawaida maji ya mvua hayana floraidi ya kutaja, na ya mito na mabwawa huwa na kidogo kuliko ya visima virefu. Bwawa la Manchira, linalohudumia mji wa Mugumu, ni chanzo cha aina hiyo. Wananchi wanaotumia visima virefu, hasa vilivyochimbwa na watu binafsi au vikundi bila kupimwa, wana haki ya kujua kilichomo. Maombi ya kupima hupelekwa kwa Meneja wa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) wa wilaya, moja kwa moja au kupitia kamati ya maji ya kijiji, na sampuli hupimwa katika maabara za Wizara ya Maji. Ishara inayopaswa kuiharakisha kamati ni meno ya watoto: watoto wengi wa mtaa mmoja wakiota meno ya ukubwani yenye madoa meupe kama chaki au ya kahawia, kisima chao kipimwe kabla ya msimu mwingine wa kiangazi. Madoa ya mtoto mmoja pekee yanaweza kuwa na sababu nyingine.

Wanaopaswa kujihadhari, na pa kwenda

Mwanamke aliyekoma hedhi mapema, mtu mwembamba sana, mwenye historia ya mzazi kuvunjika nyonga, na yeyote aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo, wote wako katika hatari kubwa kuliko wengine, wawe wanywaji wa chai au la. Kwao vikombe viwili au vitatu, vyenye maziwa kila inapowezekana, ni kiasi cha busara. Gongo na tumbaku huidhoofisha mifupa kuliko kahawa yoyote. Vivyo hivyo dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, zinapomezwa kwa miezi bila daktari kujua. Anayenunua vidonge dukani kila wiki kwa ajili ya maumivu ya viungo anapaswa kwenda navyo zahanati na kuuliza ni vya aina gani. Wanaokunywa dawa hizo kwa maelekezo ya daktari wasiziache ghafla. Kuziacha ghafla kuna hatari zake.

Wenye kutumia vidonge vya kalsiamu wanashauriwa kuvimeza pamoja na chakula. Si kila mtu anavihitaji, na kwa wengi dagaa hutosha kwa bei nafuu zaidi. Kipimo maalumu cha uzito wa mfupa hakipatikani katika zahanati wala vituo vya afya, lakini mganga anaweza kukadiria hatari kwa maswali, kwa kupima kimo na kwa kuangalia mgongo. Pale panapohitajika picha ya mionzi, mgonjwa huelekezwa hospitali ya wilaya, na matatizo yanayozidi uwezo wake hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Musoma au Bugando, Mwanza.

Mzee aliyeanguka na kushindwa kusimama, hasa kama mguu mmoja unaonekana mfupi na kidole gumba kimegeukia nje, achukuliwe kuwa amevunjika nyonga hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Asikandwe, asivutwe mguu, wala asingojewe siku tatu aone kama atapata nafuu. Mguu ufungwe pamoja na mwenzake kwa kanga mbili au tatu, akiwa amewekewa nguo laini katikati, kisha alazwe juu ya kitanda kigumu au ubao na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Anayelazwa nyumbani kwa wiki kadhaa huandamwa na vidonda vya mgongo, homa ya mapafu na damu kuganda, na hayo ndiyo huua wengi baada ya kuvunjika nyonga.

Gharama ni sababu inayotajwa mara nyingi na familia zinazochelewa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na Sera ya Afya ya mwaka 2007 zinaelekeza kwamba wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wapatiwe matibabu bila malipo katika vituo vya umma. Utambuzi huanzia ofisi ya kijiji au mtaa na huthibitishwa na afisa ustawi wa jamii. Familia zenye mzee asiyetambuliwa bado zinaombwa kufuatilia jambo hilo kwa mtendaji wakati mzee angali anatembea, kwa kuwa barua ya utambuzi huchukua muda kuandaliwa na mfupa uliovunjika hautoi muda huo.